Injini Iliyojifungua

"Pipa ni langu, maji ni yangu, ng'ombe ni wangu," Bathsheba alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Nyinyi wawili mmeleta nini hapa zaidi ya moshi?"

"Mama Mokeira, usiniaibishe mbele ya Injinia," mumewe Ogari alisema.

"Injinia gani? Mwenye ovaroli safi kuliko kitambaa cha meza ya Bwana?"

Ugomvi huu ulikuwa umeanza wakati wa chai ya asubuhi, na sasa adhuhuri ilikuwa inakaribia. Katikati ya ua palikuwa na pipa la maji, na kwenye ukingo wa pipa palifungwa injini ya mashua iliyopakwa rangi ya kijani juzi tu. Mkia wake ulikuwa ndani ya maji, sauti yake ilifika barabarani, na moshi wa buluu ulikuwa umelala juu ya migomba. Kuku walikuwa wamehamia kwa jirani. Ieleweke kwamba mtu aliweza kuishi kijijini Kebirigo tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa bila kulowa mguu isipokuwa kwa mvua. Ziwa lilikuwa mbali huko chini, safari ya nusu siku.

Mwenye ovaroli, aliyeitwa Nyasani, hakuudhika. Mtu wa kazi yake akiudhika kila anapotukanwa atakufa njaa. Alizima injini, akapangusa mikono isiyokuwa na uchafu, akatabasamu.

Kwao kulikuwa Magwagwa, ingawa watu wa Magwagwa hawakupenda kumtaja. Wiki moja kabla ya ugomvi huu alikuwa sokoni Keroka, injini ndani ya gunia na mfuko hauna kitu, alipomwona Ogari akiuliza bei ya taa ya karabai, kisha bei ya tandiko la farasi, kisha bei ya tarumbeta. Nyasani alisimama. Mwindaji hutafuta nyayo. Yeye alitafuta mtu anayeuliza bei ya kitu asichokihitaji. Tena ilikuwa wiki ya bonasi ya majani chai, wakulima wanapojiona matajiri. Kabla soko halijafungwa, Ogari alikuwa amenunuliwa chai na mandazi na amefahamishwa kwamba kule ziwani kuna watu wanaokaa kwenye viti vyao huku injini zao zikiwavulia samaki. Mwenye injini hupata fungu lake kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, chai ichipue isichipue.

"Hata Sabato?" Ogari aliuliza.

"Hata Sabato," Nyasani alisema, halafu akauona uso wa mwenzake. "Isipokuwa Sabato."

Bei ilikuwa ng'ombe mmoja. Lakini si ng'ombe yeyote, ni Malkia, ng'ombe wa gredi, mwekundu mwenye madoa meupe, anayejaza ndoo asubuhi na kuijaza tena jioni. Maziwa yake ndiyo yaliyomweka Mokeira kwenye shule ya bweni, na nyuma ya Mokeira wadogo zake sita walikuwa wanangoja zamu. Kule Keroka Ogari alikuwa amesema "ng'ombe wangu" bila shida yoyote. Sentensi hiyo ilipofika nyumbani ndipo ilipopata matatizo.

"Kama ni nzima," Bathsheba alisema sasa, "ifungue mpaka mwisho tuone nguvu yake."

Nyasani alishika kifua kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Mama, ukiniambia niifungue mwisho leo, afadhali uniletee shoka niiponde. Injini hii imefunguliwa yote, ikatiwa vyuma vipya, ikafungwa upya. Ni kama mama aliyejifungua jana. Wewe ungemtuma kuni mama aliyejifungua jana?"

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake wote. Injini mbovu haiwezi kuvuta mashua, lakini ndani ya pipa haivuti kitu chochote, kwa hiyo inaimba kama kwaya. Kazi iliyobaki ni kumfanya mnunuzi asiiulize nguvu mpaka fundi awe amefika mbali, na hakuna kilichofaa zaidi ya sheria za kuizoesha injini iliyoundwa upya. Sheria zenyewe zilikuwa za kweli. Nyasani alikuwa amezisikia kwa fundi halisi mjini Kisumu, kabla fundi huyo hajamfukuza. Alizihesabu kwa vidole. Masaa kumi ya kwanza, mwendo wa pole. Saa moja kwa siku, bila kukatizwa, kisha ilale ipoe. Oili maradufu kwenye petroli. Mkono wa kuongezea mwendo usikae mahali pamoja. Upande kidogo, ushuke kidogo. Maji ya pipa yabadilishwe kila siku, maana injini ikinywa maji ya moto inaungua. Kuifungua mwisho, marufuku.

"Ukivunja hata moja," alimalizia kwa huzuni, "mimi simo."

Ogari aliitikia kila sheria kwa kichwa, kama yuko ibadani. Bathsheba alikuwa ameshusha mikono kutoka kiunoni, na mtu aliyemjua angeanza kutafuta mlango. Yeye alikuwa amejifungua mara saba.

"Mama aliyejifungua," alisema, "haachwi peke yake."

"Kabisa, mama."

"Anakaa na aliyemzalisha mpaka apate nguvu."

Nyasani aliona kitu kinakuja lakini hakukitambua upesi.

"Basi aliyeizalisha hii ni wewe. Utalala kwenye nyumba ya wavulana, chakula utapewa, na kila siku utaipa saa yake moja. Siku itakapotoka uzazini na kuvuta mzigo, Malkia atatoka zizini. Si mapema."

Maneno yote ya kujitoa Nyasani alikuwa ameshayatumia mwenyewe. Wakati huo Malkia alitoa kichwa juu ya ua wa zizi, akalia. Nyasani alitazama kiwele chake. Siku kumi za ugali wa bure, akawaza, na siku ya kumi nitasema imeiva, na suala la mzigo tutabishania njiani, mimi nikiwa nimeshika kamba.

"Haki kabisa," alisema.

Omwenga, mzee wa kanisa, aliitwa kuandika mapatano kwenye karatasi ya daftari. Nyasani alitia sahihi yake, yenye mikia mitatu inayopinda kama mizizi ya viazi. Aliipenda sahihi hiyo kuliko ndugu zake.

Siku ya kwanza alifahamu kwamba pipa linakula madebe kumi na sita ya maji, na kwamba mto wa Kebirigo uko chini ya kilima huku pipa likiwa juu.

"Si tungesaidiana na mzee?" alimwuliza Bathsheba, akihema.

"Mzee anachuma chai. Na sheria ni zako."

Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimpisha njiani kwa heshima nyingi kupita kiasi. "Injinia, mzazi hajambo? Ananyonyesha?" Siku ya pili jirani yao Persis alikuja na uji wa wimbi ndani ya kibuyu, akisema hawezi kusikia kuna mtu amejifungua boma la pili asije kumwona. Aliitazama injini iliyofunikwa blanketi kuukuu, akaisifu kwamba imefanana na baba yake, kisha akakaa na Bathsheba wakaunywa uji wote. Nyasani hakuachiwa hata povu.

Ijumaa alichelewa mtoni. Injini ilikuwa imenguruma nusu saa tu Bathsheba aliponyoosha mkono kuelekea jua lililokuwa likigusa kilima.

"Zima. Sabato inaingia."

"Lakini saa haijaisha, mama. Bado nusu."

"Ulisema haikatizwi."

"Ndiyo maana nasema..."

"Basi hiyo haihesabiki. Utairudia Jumapili."

Jumamosi Nyasani alikuwa kanisani, katikati ya Ogari na Omwenga, katika koti la kuazima. Aligundua kuwa sauti yake ya besi ni nzuri. Kwaya nayo iligundua, na kuanzia hapo akawa na mazoezi kila Jumanne.

Siku ya soko alifika Christabel Aluoch, mwanamke wa Kendu, kule ziwani, aliyepanda milimani kila wiki kuuza omena, dagaa wadogo wa ziwa, na ambaye siku zote alipitia kwa Bathsheba kubadilisha makopo ya omena na mikungu ya ndizi. Nyasani alikuwa mtoni. Christabel alitua kikapu, akaona kitu kimefunikwa blanketi juu ya pipa, akafunua. Akapitisha kidole chini ya chuma cha kufungia, mahali ambapo rangi ya kijani haikufika.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa injinia mmoja. Iko uzazini," Bathsheba alisema, akamweleza yote, ng'ombe na sheria na masaa.

Christabel hakucheka. "Dada, lete mkono. Unasikia hizi alama tatu? Marehemu mume wangu alizikata kwa tupa. Moja kwa kila mtoto. Mwaka jana shemeji yangu Ouma aliitoa kwa fundi mmoja pale Homa Bay, mtu mwenye maneno matamu, aitengeneze wiki mbili. Mimi sikuwepo. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Alituachia karatasi tu."

"Karatasi ina sahihi?"

"Inayo."

"Yenye mikia?"

"Mitatu," Christabel alisema, na wanawake hao wawili wakatazamana.

Bathsheba alitupa jicho kwenye njia ya mtoni. "Tukimwita chifu leo, wewe utarudi Kendu na nini?"

"Na injini mbovu. Hii haina nguvu, naijua. Ringi za pistoni zimekwisha na raba ya pampu ya maji imekufa. Niliitunza miaka sita, mimi ndiye niliyekuwa nasafisha plagi."

"Na tukimwacha aendelee kuuguza?"

Christabel alifikiri. Kisha kwa mara ya kwanza akatabasamu, akavuta kigoda. Alimfundisha mwenzake mambo mawili tu. La kwanza, injini nzima ina tundu dogo nyuma linalotoa maji kwa nguvu, kama beberu anayekojoa. La pili, ukitoa plagi, ukaziba tundu lake kwa kidole gumba na mtu akavuta kamba, injini yenye nguvu itakusukuma kidole.

Kesho yake Bathsheba alisimama nyuma ya pipa muda mrefu, mikono nyuma.

"Injinia, mbona haikojoi?"

"Haifanyi nini?"

"Haikojoi. Mama aliyejifungua asipokojoa, hata mkunga mjinga anashtuka."

Nyasani aliinama akatazama lile tundu, ambalo hakuwahi kulitazama tangu alipolipaka rangi. Alisema ni mambo madogo. Bathsheba alisema mambo madogo ndiyo yanayoua wazazi, na kwamba Malkia hana haraka. Zizini, Malkia alikuwa akitafuna polepole, kama mtu asiyekuwa na haraka kweli. Nyasani alizibua tundu kwa waya, akateremka Kisii kutafuta raba.

Aliporudi na tundu likaanza kutoa maji, Bathsheba aliomba plagi itolewe. Aliziba kwa gumba. Ogari alivuta kamba.

"Hainisukumi," Bathsheba alisema. "Pumzi ya mgonjwa."

"Mama, nani anakufundisha haya?"

"Nimezaa saba. Kwani wewe umezaa wangapi?"

Nyasani angeweza kuondoka siku hiyo. Barabara ilikuwa wazi na hakuna aliyemfunga. Lakini alikuwa ameshachota madebe zaidi ya mia moja, na kila debe lilikuwa kama kigingi cha kumfunga kwa ng'ombe yule. Alikwenda Kisumu, akauza saa yake ya mkononi yenye mkanda wa rangi ya dhahabu, akanunua ringi mpya, akarudi, akaifungua injini yote juu ya gunia, safari hii kwa kweli. Alifanya kazi siku mbili. Ovaroli ikapata doa lake la kwanza. Alipoifunga na kamba ikavutwa, gumba la Bathsheba liliruka.

"Afadhali," alisema Bathsheba. "Sasa amejifungua upya. Tunahesabu kuanzia moja."

Nyasani alikaa chini.

"Sheria ni zako," Ogari alimkumbusha, akimwonea huruma. "Vyuma vipya, masaa kumi."

Basi wakaanza upya, na hapo likatokea jambo ambalo Nyasani hakulipanga. Injini ilianza kumwambia mambo. Alijua kwa sauti kwamba plagi imeshika masizi. Alijua oili imezidi kwa kuangalia moshi. Baada ya kila saa aliifunga petroli ili kabureta ikauke, akapangusa, akapaka grisi, akafunika. Bathsheba alipima petroli na oili kwa kikombe chake cha maziwa, asimwage hata tone, huku akitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. Kufikia wiki ya pili alijua kikombe kimoja kinaiendesha injini muda gani. Siku moja Ogari alitaka kuwaonyesha wageni injini yake, akavuta kamba pipa likiwa tupu. Nyasani alikuja mbio kutoka mtoni, debe likamwagika lote.

"Unaiua, mzee! Inaungua raba! Haiwashwi bila maji hata dakika moja!"

Wageni walishangaa kumwona mtu mzima machozi yakimlengalenga kwa ajili ya pampu. Aliyeshangaa zaidi alikuwa Nyasani.

Saa ya kumi iliisha siku ya Jumatano. Nyasani alizima, akanawa, akaenda moja kwa moja zizini na kamba.

"Na kuvuta mzigo," Bathsheba alisema nyuma yake.

Omwenga alisoma karatasi. Ilisema hivyo hivyo, na chini yake ilikuwa mikia mitatu.

"Kuna mama mmoja wa omena ana mashua Kendu," Bathsheba aliendelea. "Atatuazima."

"Kendu," Nyasani alisema kwa uangalifu. "Si Homa Bay?"

"Una shida na Homa Bay?"

"Hata kidogo. Hali ya hewa tu."

Walishuka na lori la ndizi, Omwenga naye na daftari lake. Ufukweni Kendu injini ilifungwa kwenye mashua, na mikungu kumi na miwili ya ndizi ikapakiwa kuwa mzigo. Ogari alialikwa kupanda kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali. Alitazama maji, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi ni mwenye injini," alisema. "Si samaki."

Bathsheba alichanganya petroli na oili, sasa kwa kipimo cha kawaida, akaimimina tangini kwa kikombe chake. Nyasani akaondoka peke yake. Karibu na nchi alikwenda pole, mkono ukipanda na kushuka kama alivyozoea. Kisha akaifungua mwisho.

Mashua iliinua pua. Maji yalipasuka pande zote mbili, mikungu ikatetemeka, na injini ikatoa sauti moja tamu, nzito, isiyokwaruza popote. Nyasani alicheka peke yake. Halafu, kwa kuwa desturi haina dawa, akaanza kupiga hesabu. Ng'ombe hutembea pole, na kuanzia Kebirigo mpaka Keroka kila mtu anamjua Malkia. Injini kama hii ni sawa na ng'ombe watatu, na ng'ambo ya pili hakuna anayemjua yeye wala injini. Alielekeza pua ya mashua ng'ambo.

"Sasa anakwenda wapi?" Ogari aliuliza ufukweni.

"Anakwenda vikombe vitatu," Bathsheba alisema, akaketi kumenya ndizi.

Kule mbali ile sauti tamu ilikohoa mara mbili, ikakatika. Walimwona Nyasani akiinama tangini. Walimwona akitafuta makasia, ambayo Christabel alikuwa ameyaegemeza kwenye ukuta wa banda la samaki. Hakuna aliyemfuata. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu, na ulimrudisha taratibu, ubavu ubavu, amekaa katikati ya ndizi kama mtu anayeziuza. Alipofika, wao walikuwa wameshakula samaki na kunawa mikono.

Christabel alishika kamba ya mashua. Pembeni yake alisimama Ouma, na Nyasani alipomwona Ouma akarudi kukaa kwenye ndizi. Omwenga alikuwa na karatasi mbili, moja kila mkono.

"Mikia mitatu," alisema, akitazama ya kulia. "Mikia mitatu," akitazama ya kushoto. Kisha akasoma ya Ouma kwa sauti ya ibada: "'Nimepokea injini kwa matengenezo. Nitairudisha ikiwa nzima.'"

"Na ameirudisha," Christabel alisema. "Nzima kabisa. Amechelewa mwaka mmoja tu." Alipitisha kidole chini ya chuma, juu ya zile alama tatu, akakiacha hapo.

"Na ng'ombe?" Nyasani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wa nini?" Bathsheba alisema. "Huwezi kuuza cha mwenzako. Malkia anakamuliwa saa kumi na moja na sisi tumechelewa."

Ogari alikohoa. "Mama Aluoch, labda ungependa kushirikiana na mtu mwenye..."

"Baba Mokeira."

"Nilikuwa nauliza tu."

Christabel alielekeza kidevu juu ya kilima. "Kituo cha polisi ni kile pale." Kisha akaelekeza kwenye banda la samaki, ambapo wavuvi watatu walikuwa wamekaa, kila mmoja na injini iliyokufa mapajani kama anayesubiri zahanati. "Na hawa wako hapa. Utakula na utalala kwa Ouma. Kila moja ringi mpya, na kila moja masaa kumi. Chagua."

Nyasani alitazama kilima. Alitazama barabara ya lori. Akatazama injini ya kwanza, iliyokuwa na plagi ya kutu na harufu ya petroli kuukuu, na kabla hajajizuia akaguna.

"Nani aliiacha hii na petroli ndani muda wote huu?"

Mvuvi aliinamisha kichwa.

"Na maji," Nyasani akauliza, akimgeukia Christabel kwa woga wa kweli. "Maji ya pipa nitayachota mbali?"

Christabel alimshika mabega, akamgeuza taratibu mpaka akalitazama ziwa lote.

Nyasani alikunja mikono ya ovaroli, ambayo haikuwa safi tena, akapiga magoti mchangani, akaomba spana.